Maswali ya Wasomaji: Farasi Anahusikaje na Shati la Mtoto?

Katika toleo lililopita tulizungumzia tiba kazi kwa watoto wenye usonji, hali ambayo baadhi ya wasomaji wetu huiita tawahudi, na tukataja kwa sentensi moja tu kwamba katika nchi kadhaa tiba hiyo hufanyika pia kwa msaada wa farasi. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua nne, nikazifupisha bila kubadili maana.

Shikamoo Daktari. Ninaishi Aurora, katika jimbo la Colorado, Marekani, na nina mtoto wa kiume wa miaka 6 mwenye usonji. Anasema maneno machache. Havumilii mshono wa nguo ukimgusa shingoni, na kila asubuhi ya shule kumvalisha shati ni vita. Mtaalamu wake wa tiba kazi amependekeza baadhi ya vipindi vihamie kwenye shamba la farasi. Mume wangu anasema hiyo ni starehe ya wenye fedha, na mama mkwe wangu, aliyeko Tanga, ameniuliza swali lililonishinda: farasi anahusikaje na shati?
*Mama wa mvulana, Aurora*

Marahaba, mama, ingawa mimi si daktari bali ni mtaalamu wa tiba kazi, fani ambayo baadhi ya hospitali za Tanzania huiita tiba kwa vitendo. Mfikishie mama mkwe wako salamu zangu, kwa kuwa swali lake ndilo ambalo kila mzazi angepaswa kuliuliza kabla ya kutoa hata senti moja, na mtaalamu asiyeweza kulijibu kwa lugha ya nyumbani hana sababu ya kumpandisha mtoto wa mtu juu ya farasi.

Neno "kazi" katika tiba kazi halimaanishi ajira. Kazi za mtoto ni kuvaa, kula, kucheza, kwenda msalani, kukaa na wenzake darasani na kulala usiku. Kwa hiyo lengo la tiba, iwe inafanyika hospitalini, shuleni au zizini, huandikwa kwa lugha ya kazi hizo: kwamba mtoto atavaa shati lake mwenyewe akikumbushwa mara mbili tu, kwa mfano, na wala si kwamba atafurahia farasi. Kufurahia ni jambo jema, lakini halihitaji mtu mwenye leseni.

Sasa tuje kwa mnyama mwenyewe. Farasi anapotembea hatua za kawaida, si kwa mbio ndogo (matiti) wala kwa mbio kubwa (shoti), mgongo wake humsogeza aliyeketi juu yake kwa namna tatu kwa wakati mmoja: mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kwa kuizungusha nyonga kidogo upande huu na upande ule. Mwendo huo unafanana sana na ule ambao nyonga ya binadamu hufanya mtu anapotembea kwa miguu yake, nao hujirudia mamia kwa mamia ya mara ndani ya kipindi kimoja, huku mtoto akilazimika kujisawazisha kila hatua bila kuambiwa "kaa sawa." Taarifa humiminika kwenye ubongo kutoka sikio la ndani, kutoka kwenye misuli na viungo, na kutoka kwenye ngozi. Watoto wengi wenye usonji hupokea taarifa hizo kwa namna tofauti na wenzao, ndiyo maana mmoja huumizwa na mshono ambao wewe huuhisi hata kidogo, na mwingine huzunguka na kurukaruka mchana kutwa bila kutosheka. Aliyelieleza jambo hili kwa utaratibu katika fani yetu ni Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, katika miaka ya 1960 na 1970. Nadharia yake ina wakosoaji hadi leo, na mimi mwenyewe siikubali yote, lakini uchunguzi wake kuhusu watoto wa aina ya mwanao mzazi yeyote ataukuta nyumbani kwake.

Mtaalamu anayeujua mnyama huutumia mwendo ule kama mpishi atumiavyo moto. Hatua ndefu za taratibu, kwenye mstari mnyoofu, kwa kawaida humtuliza mtoto aliyepagawa. Kusimama na kuondoka ghafla, kukata kona na kubadili mwendo humwamsha aliyezubaa. Mtoto anaweza kuketishwa akitazama mbele, pembeni au hata nyuma, kwa sababu kila mkao hudai kitu kingine kutoka kwenye mwili wake. Mara nyingi haketi juu ya tandiko la ngozi bali juu ya pedi laini, ili joto na mwendo wa mnyama vimfikie. Tena hashiki hatamu, kwa kuwa yupo mtu wa kumwongoza farasi. Mikono ya mtoto hubaki huru kwa ajili ya tiba.

Na mikono hiyo ndiyo itakayotufikisha kwenye shati. Kipindi huanza ardhini. Mwanao atatakiwa kuvaa kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, na kwa mtoto asiyevumilia kitu shingoni huenda kofia peke yake ikachukua vipindi viwili au vitatu, jambo ambalo si kupoteza muda, maana hapo ndipo tiba yake ilipo. Atamsugua farasi kwa brashi laini, kisha kwa brashi ngumu, kisha kwa kiganja kitupu, akigusa manyoya, vumbi na jasho kwa kiwango ambacho yeye mwenyewe anakimudu. Atafunga mkanda wa pedi kwa bizimu, kazi ya vidole ileile inayodaiwa na vifungo vya shati. Hatua zote hizo zitakuwa zimepangwa kwa picha ukutani: brashi, pedi, kofia, panda. Akiwa juu, mtaalamu anaweza kumpa kitanzi kikubwa cha kitambaa akipitishe kichwani, akishushe mabegani hadi kiunoni, kisha akitolee kichwani tena, huku farasi anatembea na mtoto hana nafasi ya kuanza vita. Ukimtazama vizuri utaona kwamba amevaa na kuvua nguo mara kumi bila mtu yeyote kutamka neno "nguo."

Lipo na suala la maneno. Farasi huondoka mtoto anaposema "twende," au anapotoa ishara kwa mkono, au anapoonyesha picha. Akinyamaza, farasi husimama. Kwa mtoto ambaye maneno yake yamekuwa yakimletea pipi au kibandiko, hili ni jambo la aina nyingine, kwa sababu neno lake limemsogeza mnyama wa kilo mia nne na zaidi.

Lakini hayo yote hayatafika kwenye shati la Jumatatu asubuhi yasiposindikizwa. Mwombe mtaalamu akupe safu ileile ya picha kwa ajili ya nyumbani, safari hii ikiwa na fulana, shati na vifungo, na akwambie ni lini asubuhi umsugue mtoto mabegani kwa kitambaa kabla ya nguo kumgusa, au usimsugue kabisa. Asipokuwa na la kukwambia kuhusu nyumbani, basi mumeo amepata hoja.

Kuhusu mumeo, sitaki kumpuuza. Gharama ni kubwa kwa sababu farasi hula hata siku asiyofanya kazi, na kampuni nyingi za bima za Marekani hukataa kulipia kile kinachoandikwa kama tiba ya farasi, zikisema ushahidi haujatosha. Mtaalamu mwenye leseni kwa kawaida huandika kwamba ametoa tiba kazi, na farasi akawa chombo kimojawapo cha kufanyia kazi hiyo. Huo ndio ukweli wa kitaaluma, si ujanja. Hata hivyo ulizeni bima yenu kwa maandishi kabla ya kipindi cha kwanza, na kama mtoto yuko kwenye mpango wa Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo na baadhi ya wenye ulemavu, mratibu wake ataweza kuwaeleza kinacholipwa na kisicholipwa.

Kuhusu ushahidi wenyewe, mna bahati ya kuishi mahali ambapo sehemu yake muhimu imepatikana. Mwaka 2015 Robin Gabriels wa Chuo Kikuu cha Colorado, ambacho kampasi yake ya tiba iko hapohapo Aurora, alichapisha pamoja na wenzake utafiti ulioandikisha watoto na vijana 127 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 16. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likajifunza kupanda farasi kwa wiki 10, jingine likafundishwa mambo ya farasi kwenye mazingira yaleyale bila kumgusa farasi hata mmoja. Waliopanda walipungukiwa na hasira za haraka na kutotulia, na mabadiliko yakaanza kuonekana kufikia wiki ya tano. Pia walitumia maneno mengi zaidi. Ninaupenda utafiti huu kwa sababu ya kundi lile la pili, kwani bila hilo mtu angeweza kusema kwamba kilichosaidia ni hewa ya shamba na watu wema. Udhaifu wake ni kwamba hasira na utulivu vilipimwa kwa maelezo ya walezi, ambao bila shaka walijua mtoto wao yuko kundi lipi. Isitoshe, yale yalikuwa mafunzo ya kupanda farasi, hayakuwa tiba kazi. Tiba kazi yenyewe ya kutumia farasi imechunguzwa zaidi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, mjini Fort Collins, na Caitlin Peters, Wendy Wood na wenzao, ambao walipima malengo yaliyowekwa kwa kila mtoto peke yake. Matokeo yanatia moyo, ila makundi yalikuwa madogo. Chuo hicho kina kituo cha farasi chenye jina la Temple Grandin, profesa wa elimu ya wanyama mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947.

Ushauri wangu ni kwamba mkubali vipindi 10 hadi 12 mkiwa na lengo moja au mawili yaliyoandikwa, mpime muda wa kuvaa shati kwa saa ya ukutani kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na kama saa haijabadilika, mrudi kliniki bila kujilaumu.

Assalaamu alaykum. Mimi niko Maskati, Oman. Binti yangu wa miaka 11 ana usonji na kwa mwaka mzima amekuwa akienda kwenye klabu ya farasi. Amebadilika sana, na Alhamisi usiku halali kwa furaha. Mkufunzi ni kijana mstaarabu, lakini hana taaluma ya tiba, naye huiita kazi yake "tiba ya farasi" na ameniambia kwamba tukiendelea usonji utaondoka. Je, hii ni sawa na mliyoandika?
*Baba wa binti, Maskati*

Waalaykumu salaam. Si sawa, ndugu yangu, na hilo la mwisho alilokuambia si kweli. Usonji ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni. Mtoto hujifunza, hukua, hupata lugha na marafiki, lakini hatibiwi usonji ukamtoka kama homa. Mtu akiahidi jambo hilo, hata akiwa mstaarabu, huwa amevuka mpaka wake.

Mkanganyiko wa majina si wa mkufunzi wenu peke yake. Hata huko Marekani watu walikuwa wakitumia jina moja kwa mambo matatu tofauti, hadi mwaka 2021 kundi la wataalamu lilipochapisha mapendekezo kwamba neno "tiba" litumike pale tu ambapo mwenye leseni, kama vile mtaalamu wa tiba kazi, wa viungo, wa lugha au wa saikolojia, ndiye anayeongoza kipindi kulingana na tathmini ya mtoto. Kufundisha upandaji kwa njia inayomfaa mwenye ulemavu ni jambo la pili, na kujifunza masomo au stadi za maisha kupitia farasi ni la tatu. Upandaji wa aina hiyo una historia ya kuheshimika. Liz Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimwacha na udhaifu wa miguu, alipata medali ya fedha ya upandaji farasi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akairudia mwaka 1956, na mfano wake ndio uliowafanya wengi Ulaya waanze kuwapandisha watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo nisingemtoa binti yako. Nimekwisha kutaja kwamba utafiti mkubwa wa mwaka 2015 ulihusu mafunzo ya upandaji, yaani kitu kinachofanana na anachofanya binti yako kuliko anachofanya mvulana wa Aurora. Tena mtoto wa miaka 11 mwenye jambo analolipenda kiasi cha kukosa usingizi amepata kitu ambacho sisi wataalamu huhangaika miaka kukitafuta: kazi ya mapumziko iliyo yake mwenyewe, ambayo ataifanya akiwa na miaka 20 na 40. Mlipe mkufunzi kama mkufunzi. Kama binti ana shida ya kuandika, kula au kuoga, tafuta mtaalamu wa tiba kazi kwa hayo, kisha umwombe aende klabuni mara moja akaone anachoweza kukitumia.

Mtoto wangu wa miaka 9 ana usonji na pia kifafa. Je, anaweza kupanda?
*Mzazi, Nairobi*

Kifafa kisichodhibitiwa kwa dawa ni sababu ya kutompandisha. Kikiwa kimedhibitiwa, uamuzi ni wa daktari wake, kwa maandishi, na wale wa shambani waelezwe jinsi mshtuko wake unavyoanza ili wajue namna ya kumshusha haraka. Kifafa huandamana na usonji mara nyingi zaidi kuliko ilivyo kwa watoto wengine, hivyo sehemu yoyote ambayo haikuulizi habari hiyo kabla ya siku ya kwanza, ondoka.

Wapo wengine wa kuangaliwa kwa makini: mtoto mwenye hali ya Down, ambaye mifupa ya juu ya shingo yake inaweza kuwa imelegea na lazima achunguzwe kwanza, aliyepinda sana uti wa mgongo, mwenye nyonga iliyoteguka, na mwenye mzio wa manyoya au wa vumbi la nyasi kavu. Uzito nao huhesabiwa, kwa kuwa kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, pamoja na vifaa. Mtoto anayeanza huzungukwa na watu wazima watatu, mmoja mbele ya farasi na wawili ubavuni, mbali na mtaalamu mwenyewe. Viatu viwe vya kufunika vidole hata kama mtoto hatapanda, kwani kwato hazichagui.

Mwanangu, mimi ni bibi wa Lamu. Mjukuu wangu wa miaka 5 ana usonji. Farasi hatuna, lakini punda wamejaa hadi mlangoni. Je, punda hafai? Na kama hafai, tufanye nini sisi tusio na mashamba ya farasi?
*Bibi, Lamu*

Shikamoo, bibi. Uhaba wa farasi kwetu una sababu zake: ndorobo na maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi vimewaua kwa karne nyingi, na waliopo leo wako zaidi kwenye nyanda za juu na kwenye klabu zenye ada. Punda alistahimili, naye ndiye aliyejenga mji wenu.

Punda anafaa, ila si kwa kupandwa. Mwendo wake ni wa hatua fupi, mgongo wake ni mwembamba, na hauwezi kumpa mtoto yale niliyoyaeleza kwenye jibu la Aurora kwa kiwango kilekile. Shirika la Uingereza linalotunza punda, The Donkey Sanctuary, ambalo lilifungua kituo chake Lamu mwaka 1987, huko kwao liliwahi kuwapandisha watoto wenye ulemavu, lakini siku hizi shughuli zake za aina hiyo hufanyika ardhini, mtoto akiwa kando ya mnyama. Hilo la ardhini mnaliweza. Tafuteni punda mzee, mpole, asiye na vidonda, wala si yule aliyetoka kubeba mawe tangu alfajiri. Mjukuu amsugue, ampe maji, amwongoze hatua chache kwa kamba akisema "twende" na "simama," mtu mzima akisimama kando ya bega la punda na kamwe si nyuma yake.

Kuhusu wasio na mashamba, naomba nikurudishe jikoni kwako. Mbuzi ya kukunia nazi mtu huikalia kwa kuitanua miguu, akasukuma kwa mabega na viganja. Huo ni mzigo wa misuli na viungo ambao watoto wengi wenye usonji huutafuta na hutulizwa nao. Meno yake ni hatari kwa mtoto wa miaka 5, hivyo yeye apewe kukanda unga wa chapati, kukamua tui kwenye kifumbu na kubeba kidumu cha maji kilichojaa nusu. Bembea ya kamba chini ya mti, ikisukumwa taratibu na kwa mpangilio uleule, inafanya sehemu ya kazi ya farasi, ila mwacheni aombe kusukumwa, kwa neno au kwa mkono, kabla ya kila msukumo. Yafanyeni hayo dakika kumi au kumi na tano kabla ya jambo linalomshinda, liwe ni kuoga au kukaa chuo cha Qurani, muone kama linapungua ugumu.

Na tafuteni mtaalamu hata kama ni wa kuonwa mara moja kwa miezi mitatu. Kenya wanafundishwa katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na Tanzania katika hospitali ya KCMC, Moshi, na wengi wao wameajiriwa katika hospitali za serikali, ambako wazazi hupita mlango wao bila kujua waliomo ndani hufanya nini. Ukifika, usimwambie umekuja kwa ajili ya usonji, kwa kuwa hilo ataliona kwenye karatasi. Mwambie jambo moja ambalo mjukuu wako hawezi kulifanya nyumbani na ungependa aliweze kabla ya Ramadhani.